Ugonjwa haumo kwenye hesabu

Mtumishi wa umma nchini Kenya akilemewa na maradhi, sheria humruhusu kustaafu kabla ya wakati. Atalipwa kiasi gani? Kalamu na hati ya mshahara zinatosha kutoa makadirio, na ni heri yapatikane kabla ya saini.

Mtumishi wa umma anayeugua hadi kushindwa na kazi hakosi washauri. Wapo wanaomwambia apumzike, wapo wanaomwambia ajikaze afikishe 60, na wapo wanaomhakikishia kwamba Serikali "itamfikiria" kwa kuwa ni mgonjwa. Hawa wa mwisho ndio wa kuogopwa. Katika sheria ya pensheni ambayo imewalipa watumishi wa Kenya kwa miongo mingi, ugonjwa hufanya kazi moja tu: humfungulia mtumishi mlango wa kutoka kabla ya umri wake. Akishavuka kizingiti, hufanyiwa hesabu ile ile anayofanyiwa mzima wa afya. Hesabu hiyo haiulizi kama figo zimefeli au kiharusi kimelemaza mkono wa kuume. Inauliza umefanya kazi miezi mingapi, na mshahara wako wa kimsingi ni shilingi ngapi.

Wengi huligundua hilo barua ya kustaafu ikiwa imeshatoka, mshahara umeshasimama, na mkopo wa Sacco ungali na miaka minne. Ilhali hesabu yenyewe haijafichwa popote. Imeandikwa katika Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, na aliyemaliza shule ya msingi anaiweza.

Mlango wa kutokea

Umri wa kawaida wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60, tangu ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Mtumishi mwenye ulemavu huruhusiwa kuendelea hadi 65. Anayetaka kuondoka mapema kwa hiari yake anaweza kufanya hivyo akifikisha 50. Kustaafu kwa maradhi hakuna umri. Kunaweza kumpata wa miaka 31 kama kunavyoweza kumpata wa 58.

Kinachotakiwa ni ushahidi wa kitabibu unaothibitisha mambo mawili. Kwanza, kwamba udhaifu wa mwili au wa akili umemfanya mtumishi ashindwe kutekeleza majukumu ya kazi yake. Pili, kwamba udhaifu huo unaelekea kuwa wa kudumu. Barua ya daktari mmoja haitoshi. Mtumishi hufikishwa mbele ya jopo la madaktari, na ripoti ya jopo ndiyo anayoitegemea mwajiri, iwe ni wizara au Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), kuamua kama atamwachilia.

Hapa wengi hujikwaa. Mgonjwa huingia na faili nene la vipimo akidhani jopo limeketi kupima ukubwa wa ugonjwa wake, kumbe linachotaka kujua ni ugonjwa huo unaizuia kazi yake kwa namna gani. Mwalimu aliyepoteza sauti kwa uvimbe wa koo na karani wa masijala aliyepoteza sauti kwa uvimbe kama huo wana ugonjwa mmoja, lakini hawana kesi moja. Kwa hiyo ripoti ya daktari inayosaidia ni ile inayotaja mambo ya kazini: hawezi kusimama kipindi kizima, hawezi kushika chaki, hawezi kuendesha gari usiku, na matibabu haya na haya yameshajaribiwa bila mafanikio. Jina la ugonjwa peke yake halimtoi mtu kazini, na wala halipaswi kumtoa. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI, kwa mfano, inakataza mtu kuachishwa kazi kwa sababu tu ana virusi.

Asilimia 2.5 kwa kila mwaka

Kanuni ya Sura ya 189 ni hii: kila mwezi kamili wa utumishi unaohesabika humpa mtumishi sehemu moja ya 480 ya mshahara wake wa mwaka. Namba hiyo ya 480 huwatisha watu bure. Ni miezi iliyomo ndani ya miaka 40. Kwa hiyo kila mwaka mmoja wa kazi una thamani ya sehemu moja ya 40, yaani asilimia 2.5. Miaka 10 inakupa robo ya mshahara, miaka 20 nusu, miaka 30 robo tatu. Anayekumbuka hivyo tayari ana makadirio kichwani.

Watu hawakosei kwenye kuzidisha. Wanakosea kwenye kuchagua mshahara wa kuzidisha. Tuitazame hati ya mshahara ya mtumishi mmoja wa kubuni. Mstari wa kwanza unasema mshahara wa kimsingi Sh48,000. Chini yake kuna marupurupu ya nyumba Sh12,000 na ya usafiri Sh5,000. Jumla Sh65,000, na angekuwa Turkana yangeongezwa marupurupu ya mazingira magumu. Kisha unakuja upande wa makato: kodi ya mapato, ada ya nyumba ya asilimia 1.5, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75, asilimia 2 ya mpango wa pensheni ya wajane na watoto, halafu Sacco, halafu benki. Mkononi zinabaki kama Sh31,000.

Hati moja ina namba tatu. Mwenye hati hujitambulisha kwa ile ya Sh65,000. Nyumbani wanaijua ya Sh31,000, maana ndiyo inayonunua unga. Pensheni inaitambua ya Sh48,000 peke yake. Anayesema "miaka 22 ni zaidi ya nusu ya mshahara" huku akiwaza Sh65,000 amejidanganya kabla hajaanza.

Sasa tumalize hesabu yake. Ana miaka 52, aliajiriwa akiwa na 30, kwa hiyo ana miaka 22 ya utumishi, sawa na miezi 264. Mshahara wa kimsingi wa mwaka ni 48,000 mara 12, yaani Sh576,000. Miaka 22 mara 2.5 ni asilimia 55. Asilimia 55 ya Sh576,000 ni Sh316,800. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Ukiigawa kwa 12 unapata Sh26,400 kwa mwezi.

Lakini karibu hakuna anayeichukua hivyo. Sheria humruhusu mstaafu kuiuza robo ya pensheni yake kwa Serikali na kulipwa mkupuo, na bei ya kuuzia ni mara 20. Robo ya Sh316,800 ni Sh79,200. Mara 20, mkupuo unakuwa Sh1,584,000. Robo tatu inayobaki ni Sh237,600 kwa mwaka, yaani Sh19,800 kila mwezi.

Angekuwa mzima na kufika 60 kwa mshahara huo huo, angekuwa na miaka 30 na asilimia 75. Mkupuo wake ungekuwa Sh2,160,000 na pensheni ya mwezi Sh27,000. Ugonjwa umemtoa miaka minane mapema na kumpunguzia Sh576,000 za mkupuo na Sh7,200 za kila mwezi. Sura ya 189, tutakayoiita sheria ya zamani kwa kuwa ipo mpya tutakayoifikia, haina kifungu kinachomfidia miaka hiyo minane ambayo hakuichagua kuipoteza.

Kabla ya kuiamini namba yoyote, miezi nayo ihakikiwe. Likizo bila malipo kwa kawaida haihesabiki. Mwezi usiokamilika haumo. Miaka ya kazi za muda au za mkataba kabla ya kuthibitishwa isiingizwe bila kuulizwa. Barua ya kwanza ya kuajiriwa na barua ya kuthibitishwa kazini ni karatasi zenye thamani ya fedha, na anayezitafuta akiwa hospitalini amechelewa.

Robo ya kuuza na umri wa kuishi

Uamuzi wa kuuza robo hufanywa kwa mazoea: kila mtu anachukua mkupuo, nami nachukua. Kwa mgonjwa, unastahili kufikiriwa upya.

Mtumishi wetu ameacha Sh6,600 za kila mwezi ili apate Sh1,584,000 leo. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: unapata miezi 240, ambayo ni miaka 20. Akiishi chini ya miaka 20 baada ya kustaafu, amepata faida kwa kuuza. Akiishi zaidi, Serikali ndiyo iliyofaidi. Na bei ni hiyo hiyo ya mara 20 kwa aliyestaafu akiwa na 60 na afya tele, na kwa aliyestaafu akiwa na 50 huku saratani imeenea. Sheria haikukusudia kumpendelea mgonjwa, lakini hapa imempendelea. Mwenye ugonjwa unaofupisha maisha hana sababu ya kihesabu ya kutoiuza robo yake.

Hali ni tofauti kwa aliyepofuka au aliyevunjika uti wa mgongo akiwa na miaka 45. Huyo anaweza kuishi miaka 35 zaidi, kila mmoja ukiwa na gharama zake, na Sh6,600 za kila mwezi hadi mwisho zinaweza kumfaa kuliko milioni moja na nusu iliyoyeyuka kwenye karo na ploti katika mwaka wa kwanza. Ni swali la kumuuliza daktari wazi, japo ni gumu kulitamka.

Kuna pia upande wa familia. Chini ya sheria ya zamani, mstaafu akifariki, pensheni ya wategemezi hulipwa kwa muda wa miaka mitano. Zile asilimia 2 za mpango wa wajane na watoto ni fungu jingine lenye masharti yake. Mke au mume wa mgonjwa anapaswa kuyajua mafungu haya mawili kwa majina, maana siku ya kuyadai, anayeyajua hatakuwepo.

Aliyefanya kazi chini ya miaka 10 yuko kwenye ukurasa mwingine kabisa. Sheria ya zamani haimpi pensheni ya kila mwezi. Humpa kiinua mgongo cha mara moja. Kwa hiyo miezi michache kabla ya kutimiza miaka 10 ina uzito usio wa kawaida. Mtu mwenye miaka 9 na miezi 8 akishauriwa kuondoka leo, swali lake la kwanza liwe kama likizo yake ya ugonjwa inaweza kumfikisha ng'ambo.

Aliyeumizwa na kazi yenyewe

Mambo hubadilika pale kazi inapokuwa ndiyo chanzo. Askari aliyepigwa risasi akiwa zamu, muuguzi aliyeambukizwa wadini, fundi wa barabara aliyeangukiwa na mtambo: hawa wanaweza kudai zaidi ya pensheni ya kawaida. Kanuni za pensheni zina nyongeza kwa mtumishi aliyejeruhiwa akitekeleza wajibu wake, na nyongeza hiyo hupimwa kwa kiwango cha uwezo wa kujitafutia riziki alioupoteza.

Kando yake kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Kwa ulemavu wa kudumu na wa jumla, sheria hiyo inatambua fidia ya mapato ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia yake. Hayo ni madai tofauti na ya pensheni, yenye fomu zake na muda wake, na hayaji yenyewe. Yanaanza kwa ajali au ugonjwa kuripotiwa na kuandikwa ulipotokea. Jeraha lililotibiwa kimyakimya mwaka 2019 ni vigumu kulihusisha na mgongo uliokufa ganzi miaka sita baadaye.

Kundi la 2021

Hadi hapa tumezungumzia mfumo wa zamani. Tarehe 1 Januari 2021 Kenya ilianzisha mpango mpya wa pensheni ya utumishi wa umma, unaojulikana kwa kifupi kama PSSS, chini ya sheria iliyokuwa imepitishwa tangu 2012. Waliokuwa chini ya miaka 45 siku hiyo waliingizwa moja kwa moja. Waliokuwa na 45 na zaidi waliachiwa wachague. Walimu, polisi na watumishi wa wizara wengi wenye umri mdogo wamo humo.

Katika mpango huu hakuna 480. Kila mwanachama ana akaunti. Alianza kwa kukatwa asilimia 2 ya mshahara wa kimsingi mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu. Serikali huongeza asilimia 15. Fedha huwekezwa, na pensheni ni kile kilichokusanyika.

Tumchukue aliyeajiriwa Januari 2021 kwa mshahara wa kimsingi wa Sh40,000, na ili hesabu iwe nyepesi tuseme haukupanda. Mwaka wa kwanza michango ya pande mbili ni asilimia 17 ya Sh480,000, sawa na Sh81,600. Mwaka wa pili ni asilimia 20, Sh96,000. Miaka mitatu inayofuata ni asilimia 22.5, Sh108,000 kila mwaka. Baada ya miaka mitano ana Sh501,600 na faida ya uwekezaji. Akipata ugonjwa wa kumtoa kazini wakati huo, akaunti hiyo haiwezi kumlisha muda mrefu.

Waliotunga sheria waliliona hilo, wakaweka jambo ambalo mfumo wa zamani haukuwa nalo. Serikali inatakiwa kumnunulia kila mwanachama bima ya maisha yenye fao la ulemavu, isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka unaotumika kwa pensheni. Kwa mtumishi wetu, mara tano ya Sh480,000 ni Sh2,400,000, karibu mara tano ya michango yote iliyomo kwenye akaunti yake.

Kwa hiyo kwa kijana aliye kwenye PSSS, namba kubwa ya kuulizia iko kwenye bima. Na bima ina lugha yake. Jopo la madaktari huuliza kama unaweza kuifanya kazi yako. Mkataba wa bima unaweza kuuliza kama ulemavu ni wa kudumu na wa kiasi gani. Mtu anaweza kushinda kwenye swali la kwanza akashindwa kwenye la pili. Anayetaka makadirio ya kweli aombe taarifa ya akaunti yake, kisha aombe kwa maandishi masharti ya fao la ulemavu, na ayasome pamoja na daktari wake kabla ripoti haijaandikwa. Kama alianza kazi kabla ya 2021, aulize pia, na kwa maandishi vilevile, miezi yake ya zamani itahesabiwaje.

Wanaohesabu miaka iliyopotea

Sheria yetu ya zamani ina damu ya Uingereza, iliyotuachia pensheni kama ilivyotuachia faili za kahawia. Huko kwenyewe hesabu ya wagonjwa imekwenda mbali zaidi. Katika mpango wa pensheni wa serikali za mitaa wa England na Wales, mgonjwa huwekwa kwenye daraja moja kati ya matatu. Anayeonekana hataweza kazi yoyote ya maana kabla ya umri wake wa pensheni huongezewa miaka yote aliyobakisha, kana kwamba aliifanya. Anayetazamiwa kuweza tena, lakini si ndani ya miaka mitatu ya karibu, huongezewa robo ya miaka hiyo. Wa daraja la tatu hulipwa alichochuma bila nyongeza, kwa muda usiozidi miaka mitatu.

Tukimpeleka mtumishi wetu wa Sh48,000 kwenye wazo hilo, daraja la juu lingempa miaka yake minane, naye angelipwa kama aliyefika 60. Hapo ungesema ugonjwa umo kwenye hesabu. Kenya haikufuata njia hiyo. Imeuhamishia uzito huo kwenye bima kwa vijana, na kwa wazee imeuacha kama ulivyokuwa.

Kuondoka si lazima

Mdogo kabisa kati ya waliobaki kwenye mfumo wa zamani alikuwa na miaka 45 mwaka 2021. Leo kundi hilo limefikisha 50 au linaikaribia, kwa hiyo wengi wao wanaweza kustaafu kwa hiari bila kupitia jopo lolote, na kanuni ya 480 itawapa namba ile ile. Basi kwa nini mtu ajisumbue na njia ya maradhi?

Sababu ya kwanza ni kodi. Sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 imesamehe kodi kwenye mafao ya pensheni, na imemtaja waziwazi anayestaafu kabla ya umri kwa sababu ya afya. Sababu ya pili ni madeni. Sacco nyingi hukata bima ya mkopo ambayo huweza kulipa salio mkopaji akipata ulemavu wa kudumu, lakini hudai ushahidi, na ripoti ya jopo ni ushahidi. Aliyeandika kwamba anaondoka kwa hiari atakuwa na kazi ngumu kumshawishi mwenye bima baadaye.

Lakini kabla ya njia zote mbili kuna ya tatu, ambayo ofisi nyingi huisahau: kubaki. Mtumishi aliyepata ulemavu na bado ana uwezo wa kazi nyingine anaweza kuomba apangiwe majukumu yanayomfaa. Akisajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, anaweza kuomba msamaha wa kodi kwenye Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi, na umri wake wa kustaafu unakuwa 65. Turudi kwa yule wa miaka 52. Kama kiharusi kimemwachia mkono mmoja na akili timamu, na akapewa kazi ya dawati hadi 65, atakuwa na miaka 35 na asilimia 87.5. Mkupuo wake utakuwa Sh2,520,000 na pensheni ya mwezi Sh31,500, mbali na mshahara wa miaka 13. Linganisha na Sh19,800.

Si kila mgonjwa anaweza kubaki, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kufia ofisini. Hoja ni kwamba namba hizo mbili ziwekwe mezani pamoja, zitazamwe na mhusika na familia yake.

Makadirio yahesabu pia kinachopotea siku mshahara unapokoma. Bima ya matibabu inayoletwa na ajira huisha au hupungua, nayo ndiyo iliyokuwa ikilipia kliniki. Mstaafu asiye na mshahara huchangia bima ya afya ya jamii kwa kipimo cha mapato ya kaya, kuanzia Sh300 kwa mwezi, na hulipa kwa mwaka mzima mara moja. Kati ya barua ya kustaafu na malipo ya kwanza kuna miezi ya faili kusafiri kutoka wizarani hadi Idara ya Pensheni katika jumba la Bima House jijini Nairobi. Kila karatasi inayokosekana huirudisha faili ilikotoka. Mgonjwa anayenunua dawa kila mwezi hana budi kuikadiria miezi hiyo kama gharama.

Namba isiyoulizwa

Anayedhani tofauti ndogo kwenye mshahara wa mwisho si kitu, awaulize walimu. Mkataba wa mishahara wa 1997 uliahidi nyongeza kwa awamu, na waliostaafu kati ya mwaka huo na 2003 walikokotolewa pensheni bila nyongeza yote kuhesabiwa. Walikuwa zaidi ya 50,000. Walikwenda Mahakama Kuu mjini Nakuru, wakashinda mwaka 2008, na hata baada ya ushindi waliendelea kuhangaikia fedha zao kwa miaka mingi, huku wengine wakifariki. Wale walikuwa maelfu, wana chama na mawakili. Anayestaafu kwa maradhi huwa peke yake, mara nyingi kitandani, na kosa kwenye faili lake halina maandamano.

Ndiyo maana mzigo huu haufai kuachiwa mgonjwa. Afisa wa wafanyakazi anayemkabidhi mtu fomu ya kwenda mbele ya jopo tayari anayo kwenye kompyuta tarehe ya kuajiriwa, mshahara wa kimsingi, likizo zisizo na malipo na mpango wa pensheni aliomo. Anaweza kumchapia ukurasa mmoja wenye mistari minne: ukiondoka leo kwa maradhi, ukiondoka kwa hiari, ukibaki hadi umri wako, na bima yako inasema nini. Sheria haihitaji kubadilishwa ili ukurasa huo utolewe. Waraka mmoja wa Tume ya Utumishi wa Umma na mwingine wa TSC zingetosha. Mpaka utolewe, mtumishi auombe kwa barua, atunze nakala iliyopigwa muhuri, na asitie saini ya kustaafu kabla hajajibiwa.